Jengo Kuukuu Likitakiwa Kubeba Mpira

Kila mradi wa kufufua katikati ya jiji huanza na mchoro, na mchoro wenyewe ni uleule. Jengo la zamani limeoshwa likang'aa, taa za manjano zinawaka madirishani, mti umechipuka mahali ambapo leo kuna nguzo ya umeme, na mbele kabisa amesimama mtoto aliyekumbatia mpira. Anayeutazama anaelewa bila kuambiwa: jiji linaokoa urithi wake, na papo hapo linawapa wakazi pa kuchezea.

Mambo hayo mawili yakitajwa pamoja husikika kama ndugu wa tumbo moja. Fundi akishaingia ndani na futikamba ndipo yanapoanza kugombana. Uwanja wa ndani unataka eneo pana lisilo na nguzo, dari ya juu, sakafu inayostahimili kurukiwa, hewa nyingi na milango ya kutosha kutoa watu haraka. Jengo la biashara la miaka 100 iliyopita lina nguzo kila baada ya mita chache, ngazi moja nyembamba, sakafu iliyojengewa meza na makabati, na kuta zisizopenda unyevu. Miradi ninayoiona imefaulu ni ile iliyolikagua jengo kwanza na kuchagua mchezo baadaye, na ambayo mtu aliuliza mapema nani atalipa umeme mwaka wa 10. Mingine huishia na ukuta mzuri wa mbele.

Jengo linavyofika hapo

Majengo ya katikati ya jiji hayaachwi kwa sababu tu yamezeeka. Huachwa kwa sababu kazi iliyoyajenga imehama. Ghala lilijengwa karibu na reli au gati. Mizigo ilipohamia kwenye makontena, likakosa cha kuhifadhi. Duka kubwa la ghorofa nyingi lilitegemea wapita njia, na wateja walipopata magari wakafuata maduka ya pembezoni yenye maegesho. Sinema ilishindwa na televisheni. Mara nyingi ghorofa ya chini huendelea kupangishwa huku za juu zikifungwa, maana kodi ya duka moja inatosha kulipia jengo, na mwenye mali hana haraka. Anangoja bei ya kiwanja ipande.

Anapongoja, maji yanafanya kazi. Mfereji wa paa ukizibwa na majani, mvua huacha bomba na kushukia ndani ya ukuta. Ukuta ukilowa, ncha za boriti za mbao zilizochomekwa humo huanza kuoza, na kwa kuwa zimefichwa hakuna anayeziona mpaka sakafu ianze kubonyea. Ukitaka kujua hali ya jengo kabla ya ripoti yoyote, gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Palipo pazima hulia mlio mfupi, mkavu, kama kugonga meza. Palipoachana na mawe hulia tupu kama mtungi. Anza kugonga chini ya dirisha, ufuate ule mlio wa mtungi kwenda juu, na mara nyingi utaishia chini ya mfereji ulioziba.

Kisha linakuja suala la hadhi. Neno "jengo la kihistoria" linaeleweka vibaya kuliko neno lingine lolote katika mijadala hii. Watu hudhani jengo likiingizwa kwenye orodha ya urithi serikali inalichukua na kulitengeneza. Kwa kawaida orodha hiyo hufanya jambo moja tu: inazuia. Huwezi kubomoa wala kubadilisha sura ya nje bila kibali, na pengine hata ngazi, vigae au dari za ndani zimetajwa kwa majina. Pesa haiji pamoja na cheo.

Nguvu hiyo ya kuzuia nayo ilipatikana kwa gharama. Stesheni ya Pennsylvania ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilianza kubomolewa mwaka 1963, na pale ilipokuwa pakajengwa ofisi na, kwa kejeli ya historia, ukumbi mkubwa wa michezo wa Madison Square Garden. Hasira zilizofuata zilisaidia kuzaa sheria ya jiji hilo ya kulinda majengo ya mwaka 1965. Wenye Stesheni ya Grand Central walipokatazwa kujenga mnara juu yake, walikwenda mahakamani wakidai wamenyang'anywa mali. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia: stesheni bado inafanya kazi na kuingiza kipato, na haki ya kujenga juu ambayo hawakuitumia wanaweza kuihamishia kwenye viwanja vya jirani. Hoja hiyo ya mwisho iliipa nguvu biashara ambayo leo hugharamia ukarabati katika miji kadhaa. Mwenye jengo fupi la kihistoria huuza ghorofa asizoruhusiwa kujenga.

Wahifadhi wengi, kwa upande wao, hawapingi jengo kupewa kazi mpya. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao ni kama msahafu wao, unasema katika kifungu cha 5 kuwa kulitumia jengo kwa shughuli yenye manufaa kwa jamii kunarahisisha kulihifadhi, ila matumizi hayo yasivuruge mpangilio wala mapambo yake. Michezo inapita sharti la kwanza bila shida. La pili ndilo linalowatoa watu jasho.

Mita 28 kwa 15

Chukua mpira wa kikapu. Uwanja rasmi ni mita 28 kwa 15. Ongeza mita 2 za usalama kila upande, unahitaji mita 32 kwa 19 bila nguzo hata moja, na juu mita 7 bila taa wala bomba. Mpira wa wavu una uwanja mdogo, mita 18 kwa 9, lakini nao unataka mita 3 za pembeni na mita 7 za juu. Mpira wa mikono unakwenda mita 40 kwa 20. Sasa ingia kwenye duka la zamani la ghorofa nne: nguzo ya chuma hapa, nyingine hatua sita mbele, na dari unaweza kuigusa kwa fagio.

"Si mtoe nguzo?" ni swali linaloulizwa katika kila kikao. Nguzo inaweza kutolewa. Lakini uzito uliokuwa unashuka kupitia kwake lazima upate njia nyingine, kwa hiyo juu huwekwa boriti nene ya chuma inayobeba ghorofa zote, na boriti hiyo hukalia nguzo mpya mbili, na nguzo hizo hudai msingi mpya chini ya jengo ambalo huenda msingi wake ni mawe yaliyopangwa tu. Kutoa nguzo nne ni kujenga daraja ndani ya nyumba ya watu. Na boriti yenyewe hula urefu wa dari uliokuwa unautafuta.

Ukianza upande wa pili, hesabu inakuwa ya kirafiki. Ulingo wa ndondi una mita 6.1 kila upande ndani ya kamba. Meza ya tenisi ya meza ina urefu wa mita 2.74, ukiongeza nafasi ya kuchezea bado inakaa kati ya nguzo bila ugomvi. Judo, dansi, kunyanyua vyuma, vyote vinaishi vizuri chini ya dari ya kawaida. Kukwea ukuta kunataka urefu na karibu hakuna upana, yaani umbo hasa la shimo la lifti ya mizigo au mnara wa ngazi. Viwanja vikubwa navyo vina majengo yake: soko lenye paa, banda la reli, nyumba ya mitambo ya umeme, karakana ya mabasi. Hayo yalijengwa tangu mwanzo yawe na kenchi ndefu na sakafu tupu, kwa sababu mashine na magari, kama wachezaji, hayapendi nguzo.

Mfano wa kulichukua jengo lilivyo ni Duisburg, Ujerumani. Kiwanda cha kuyeyusha chuma kilifungwa mwaka 1985, na msanifu wa mandhari Peter Latz akakigeuza kuwa bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 1994. Kuta nene za zege za mabohari ya madini zikawa kuta za kukwea. Tangi la gesi, lenye kipenyo cha mita 45 na kina cha mita 13, likajazwa maji na kuwa bwawa la wapiga mbizi. Hakuna mkazi aliyewahi kusimama kikaoni kudai bwawa la kupiga mbizi mjini. Tangi ndilo lililolitaka.

Sakafu inayokumbuka

Tuseme nafasi imepatikana. Swali linalofuata ni kama sakafu inabeba. Viwango vya Marekani hutaka sakafu ya ofisi ihimili takriban kilo 240 kwa kila mita ya mraba, na ya ukumbi wa mazoezi karibu kilo 490, yaani mara mbili. Ndiyo maana ghala chakavu mara nyingi ni mgombea bora kuliko hoteli ya kifahari: ghala lilijengwa libebe magunia, hoteli ilijengwa ibebe vitanda.

Uzito uliotulia lakini ni nusu ya habari. Watu wakiruka kwa pamoja, wakifuata muziki, kila teke la miguu linafika sakafuni kwa wakati mmoja, na sakafu kama kamba ya gitaa ina mdundo wake wa asili. Midundo miwili ikikutana mtikisiko hukua badala ya kufifia. Mwezi Julai 2011, jengo la TechnoMart la ghorofa 39 mjini Seoul lilitikisika kwa takriban dakika 10 mpaka watu wakatolewa nje. Hapakuwa na tetemeko la ardhi. Uchunguzi ulirudisha chanzo kwenye jimu ya ghorofa ya 12, ambako watu 17 walikuwa wakifanya Tae Bo, mazoezi ya kupiga ngumi na mateke kwa kufuata muziki. Watu 17, na jengo la zege na chuma lililojengwa kwa viwango vya kisasa. Mhandisi anayeombwa kuweka darasa la mazoezi juu ya boriti za mbao za karne iliyopita ana haki ya kukuna kichwa.

Dawa zipo. Sakafu ya mchezo inaweza kuelea juu ya vipande vizito vya raba bila kugusana na jengo, nayo husaidia pia kuzuia sauti ya mpira unaodundwa, ile ambayo hupita kwenye kuta na kumfikia mpangaji wa ghorofa mbili chini. Lakini sakafu inayoelea hula sentimita kadhaa za urefu, na kama mlango wa zamani umekatazwa kubadilishwa, ghafla kizingiti kiko chini ya sakafu.

Bwawa la kuogelea ni habari nyingine kabisa. La mita 25 kwa 12.5 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina maji ya karibu tani 470. Likae ardhini, au likae kwenye jengo lingine.

Jasho na chokaa

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo miradi mingi inapoharibika taratibu bila mtu kulaumiwa.

Ukuta wa zamani wa mawe au matofali uliojengwa kwa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikipiga, unalowa kidogo; jua likitoka, unakauka. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo chumvi na unyevu hupita kwenye viungo, na kinachochakaa ni chokaa, ambayo mwashi anaiondoa na kujaza upya kila baada ya miongo kadhaa. Jiwe linabaki. Huo ndio mpango mzima, na umefanya kazi kwa karne nyingi.

Halafu anakuja mkandarasi mwenye haraka na mfuko wa saruji. Lipu ya saruji inaonekana imara, na ni kweli ni ngumu, ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake. Maji yanayopanda kutoka ardhini au kuingia kwa ufa hayapati tena pa kutokea. Yanakusanyika nyuma ya lipu, yanasukuma chumvi kwenye uso wa jiwe, na baada ya miaka michache lipu inabanduka ikiwa imeshikilia vipande vya jiwe. Ukiona jengo la zamani lina mabaka ya saruji yaliyozungukwa na vumbi jeupe, umeona ukarabati wa bei rahisi.

Sasa ongeza michezo. Watu 60 wakicheza na kuhema kwa saa moja, kisha wakaoga maji ya moto, hutoa mvuke ambao duka la vitambaa halikuwahi kuujua. Mvuke hutafuta sehemu baridi, na sehemu baridi ni ule ukuta wa nje na zile ncha za boriti. Wasanifu waliokomaa katika kazi hii hutenganisha: bafu na vyumba vya kubadilishia nguo hujengwa kama sanduku ndani ya jengo, na kuta zake zenyewe, mabomba yake na kipulizia hewa chake, lisiguse ukuta wa urithi hata kwa kidole. Kuta za zamani hupigwa lipu ya chokaa na kuachwa zipumue. Ni ghali, na kwenye mchoro ule wa mwanzo haionekani.

Kazi yenyewe ya ukarabati nayo ni kipindi cha hatari. Jengo lililozoea kusimama kwa kuegemeana, ukilifungua upande mmoja, huanza kutafuta mizani mpya. Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu wakapoteza maisha. Ndiyo sababu gharama za kushikiza kuta na kupima nyufa huja kabla ya kitu kingine chochote, hata kama mfadhili anataka kuona paa jipya kwanza.

Kuhusu moto na milango nitasema kwa ufupi. Jengo likibadilishwa matumizi, sheria nyingi hulichukulia kama limezaliwa leo: ngazi za pili za dharura, milango inayofunguka kwa nje, lifti, mteremko wa viti vya magurudumu. Kwa jengo la zamani masharti hayo yanaweza kugharimu kuliko uwanja wenyewe. Jimbo la New Jersey lilitunga mwaka 1998 kanuni za pekee kwa majengo yaliyopo, zinazopima masharti kwa ukubwa wa kazi inayofanywa, na maeneo mengine yakafuata mkondo huo. Usalama haukuachwa. Kilichoachwa ni kudai ngazi pana kwa aliyekuja kubadilisha madirisha.

Pesa ya kujenga, pesa ya kuwasha taa

Pesa za kujenga, ajabu ni kwamba, hupatikana. Wanasiasa hupenda kukata utepe, wafadhili hupenda jina lao ukutani. Marekani ina punguzo la kodi la asilimia 20 ya gharama za kukarabati jengo la kihistoria, ambalo siku hizi hutolewa kwa miaka 5. Lakini lazima jengo liwe la kuingiza kipato, na kazi ifuate viwango vya uhifadhi vya serikali kuu. Halmashauri ya jiji hailipi kodi hiyo, kwa hiyo punguzo halina maana kwake ikijenga uwanja peke yake. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini miradi mingi ya aina hii ina maduka chini na viwanja juu, na kwa nini mwenye hati ni kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Mpangilio wa ghorofa umechorwa na mhasibu kabla ya msanifu.

Njia nyingine, iliyoanzia California mwaka 1952, ni kukopa kwa kutegemea kodi ya kesho. Jiji huchora mpaka kuzunguka eneo, hurekodi thamani ya majengo ya leo, na kodi yote itakayoongezeka kutokana na kupanda kwa thamani hutengwa kulipa deni la mradi. Thamani ikipanda, uwanja umejilipa. Isipopanda, deni linabaki. Na hata ikipanda kuna mtu wa kulalamika kwa haki: kodi hiyo ya ziada ingeweza kwenda shuleni.

Pesa ngumu ni ile ya baada ya utepe. Taa, maji, mlinzi, bima, mtu wa kufagia, mtu wa kupanda kuzibua ule mfereji wa paa. Victoria Baths ya Manchester, nyumba ya mabwawa yenye vigae na vioo vya rangi iliyofunguliwa mwaka 1906, ilifungwa mwaka 1993 kwa sababu jiji halikumudu kuiendesha na kuitengeneza. Mwaka 2003 ilishinda shindano la televisheni la kuokoa majengo na kupata mamilioni ya pauni. Paa likatengenezwa, vigae vikaokolewa, watu wakaja kutembelea, harusi zikafanyika. Miongo miwili baadaye bado haikuwa imerudi kuwa bwawa la kuogelea la kila siku. Roubaix, Ufaransa, waliamua mapema: bwawa lao la 1932, lililofungwa mwaka 1985, waliligeuza kuwa jumba la makumbusho mwaka 2001, wakabakiza maji katikati na kupanga sanamu kandokando. Ni pazuri kupita kiasi. Hakuna anayeogelea.

Nani ana ufunguo

Neno "ya jamii" linagharimu kidogo kuliandika. Maana yake halisi iko kwenye ratiba ya matumizi, na ningemshauri mkazi yeyote aombe kuiona ratiba kabla ya mchoro. Saa zinazogombewa ni za jioni, kati ya kutoka kazini au shule na kulala, pamoja na mwisho wa wiki. Saa hizo ndizo zinazolipwa vizuri na vilabu na kampuni. Mwendeshaji anayetakiwa kujitegemea kifedha atazipangisha, na "jamii" itapewa Jumanne saa nne asubuhi, wakati watoto wako darasani. Hakuna aliyevunja ahadi. Ahadi haikutaja saa.

Kwa hiyo wakazi waliojipanga huandika. Mwaka 2001, karibu na ukumbi wa Staples Center mjini Los Angeles, muungano wa wakazi, vyama vya wafanyakazi na makundi mengine ulisaini makubaliano na waendelezaji wa eneo hilo, yenye ajira kwa wenyeji, nyumba za bei nafuu na dola milioni 1 kwa ajili ya bustani na sehemu za michezo. Makubaliano ya namna hiyo yamesambaa tangu hapo. Mazuri hutaja saa kwa majina, hutaja kiwango cha juu cha ada, hutaja nani analipa taa za usiku, na hutaja jambo ambalo kila mtu huona aibu kulisema siku ya kutia saini: mwendeshaji akifilisika, ufunguo unakwenda kwa nani.

Kuna pia suala la kodi za pango. Uwanja mzuri na jengo lililong'arishwa huvuta wapangaji wenye uwezo, na familia zilizopiga kelele mpaka uwanja ukajengwa hujikuta zinahamia mbali nao. Sioni kuwa hiyo ni sababu ya kutojenga. Ila ni sababu ya kuweka nyumba za bei nafuu kwenye mkataba uleule, kabla bei hazijapanda, kwa maana baadaye hakuna atakayekaa mezani.

Viwanja juu ya viwanja

Miji iliyolifungua fundo hili imelifungua kwa namna tofauti. Toronto ilikuwa na Maple Leaf Gardens, ukumbi wa hoki ya barafu uliojengwa mwaka 1931 kwa chini ya miezi sita. Timu ilipohama mwaka 1999, ukumbi ukakaa miaka bila kazi ya kudumu. Hatimaye kuta na paa la kuba vikabaki, ndani kukajengwa upya kwa ghorofa: duka kubwa la vyakula chini, na juu, chini ya kuba lilelile, uwanja mpya wa barafu wa chuo kikuu uliofunguliwa mwaka 2012. Katikati ya rafu za duka, sakafuni, kuna doa jekundu. Ndipo palipokuwa katikati ya uwanja wa zamani, na wanunuzi hulipita na vitoroli vyao.

Kwangu mimi, hata hivyo, hakuna mahali palipofikiriwa vizuri kama SESC Pompéia ya São Paulo, Brazili. SESC ni taasisi iliyoundwa mwaka 1946, na inaendeshwa kwa mchango wa lazima wa waajiri wa sekta ya biashara, asilimia 1.5 ya mishahara wanayolipa. Yaani pesa ya taa ilikuwepo kabla ya mchoro. Ilinunua kiwanda cha zamani cha mapipa ya chuma ikikusudia kukibomoa, na mwaka 1977 kazi ikaangukia mikononi mwa msanifu Lina Bo Bardi, mzaliwa wa Roma.

Alikwenda kukiangalia kiwanda mara ya kwanza kikiwa kitupu, akavutiwa na kenchi na nguzo zake za zege. Aliporudi siku ya Jumamosi akakuta kumejaa. Watoto wanakimbia, akina mama wanachoma nyama, vijana wanapiga mpira chini ya paa lililotoboka huku mvua ikiwanyeshea, wakicheka kila mpira ukirusha maji. Jamii ilikwisha kuingia bila mradi. Bo Bardi aliona kazi yake ni kutowatoa. Akabakiza mabanda ya matofali, akaweka humo maktaba, karakana za ufundi, ukumbi wa maigizo na mahali pa kulia chakula, akafungua sehemu hiyo mwaka 1982.

Viwanja hakuvilazimisha kuingia mabandani. Mabanda yana nguzo, na yeye alizipenda nguzo zake. Akatafuta nafasi nyuma ya kiwanda, lakini katikati ya kiwanja ulipita mkondo wa maji uliofunikwa, ambao juu yake hairuhusiwi kujenga. Kilichobaki ni vipande viwili vya ardhi, kila upande wa mkondo, na kila kimoja kidogo. Akapanda juu. Upande mmoja akasimamisha bweta kubwa la zege lenye bwawa la kuogelea chini na viwanja vimepangwa kimoja juu ya kingine. Upande wa pili akasimamisha mnara mwembamba wa ngazi, lifti na vyumba vya kubadilishia nguo. Bweta hilo halina madirisha ya vioo. Lina matundu makubwa yasiyo na umbo maalum, kama yaliyotobolewa kwa nyundo, na upepo hupita humo bila mashine yoyote, ukiondoka na jasho.

Ilifunguliwa mwaka 1986. Anayetaka kucheza hubadili nguo kwenye mnara mwembamba, kisha huvuka daraja la zege lisilo na paa, juu ya ule mkondo, mvua ikinyesha au isinyeshe, na kuingia uwanjani upande wa pili.